Mafuriko ya Kisauni yatibiwe mtaroni, si zahanati pekee

KILA mwaka mawingu ya masika yanapoanza kutanda juu ya Mombasa, wakazi wa Kisauni hufanya maandalizi ambayo hakuna mji unaopaswa kuyazoea. Vitanda huinuliwa juu ya matofali. Magunia ya mchanga hupangwa mlangoni. Vitabu vya watoto hutiwa mifukoni na kutundikwa ukutani. Wenye jamaa katika mitaa iliyo juu huwapeleka wazee wao huko mapema. Sisi madaktari wa mitaani nasi huagiza dripu na chumvi za kurudisha maji mwilini kwa wingi kuliko miezi mingine, kwa sababu twajua kinachokuja.

Swali langu leo ni hili. Ikiwa daktari, mama mwenye nyumba, mwenye duka na hata mtoto wa shule wote wanajua kwamba maji yatajaa, na wanajua yatajaa wapi, mbona kinga haifanywi mapema?

Msomaji atasema kinga ipo, kwani haupiti mwaka bila kuambiwa tuchemshe maji, tunawe mikono na tulale ndani ya chandarua. Huo ni ushauri wa kweli na nitaurudia kabla ya kumaliza. Lakini ni kinga ya mtu mmoja mmoja. Hakuna mama awezaye kuchemsha maji yaliyoingia nyumbani mwake na kumfika magotini. Yako maradhi ambayo dawa yake ni saruji, koleo na ramani. Maoni yangu ni kwamba mtaro wa maji ya mvua ni chombo cha afya sawa na zahanati, na unastahili kupimwa kama zahanati inavyopimwa: je, wagonjwa wamepungua?

KWA NINI MAJI HAYAONDOKI

Mvua ya Pwani si ya mchezo. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Mombasa, na mara nyingi mwezi huo pekee hupita milimita 200. Tuseme siku moja zimenyesha milimita 50, jambo ambalo si la ajabu. Paa la nyumba yenye mita 10 kwa 10 litamwaga lita 5,000, yaani mitungi 250 ya lita 20. Ekari moja iliyojaa mapaa, lami na kabro itamwaga karibu lita 200,000. Hayo ni malori 20 ya maji, kila moja likibeba lita 10,000, na yote yamwage maji kwa pamoja katika kichochoro kimoja.

Ardhi iliyokuwa na minazi na mashamba ilikuwa ikinywa sehemu kubwa ya maji hayo. Siku hizi mchanga umefunikwa, nyumba zimebanana, na maji hayana pa kuzama. Yanalazimika kukimbia, na yakimbiliapo ni baharini. Kwa mitaa ya upande wa magharibi wa Kisauni, safari hiyo huelekea hori ya Tudor.

Hapo ndipo penye siri ambayo wengi huisahau. Bahari nayo haikai mahali pamoja. Mombasa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hupita mita tatu. Mtaro ambao mdomo wake uko chini ya kimo cha maji ya bamvua hauwezi kumwaga chochote saa ambazo bahari imejaa. Badala yake bahari ndiyo huingia mtaroni. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, mtaa hufurika hata kama mtaro umesafishwa vizuri. Mvuvi yeyote wa Tudor angeweza kumweleza mhandisi jambo hilo bila ya vyombo vya kupimia. Isitoshe, kina cha bahari duniani kimepanda kwa takriban sentimita 20 tangu mwaka 1900 na kingali kinapanda. Mtaro uliochorwa kwa ajili ya bahari ya babu zetu hautawatosha wajukuu wetu.

Ndiyo maana unaweza kujengwa mtaro mpana, wa saruji safi, na bado mtaa ukalala majini. Mita chache za mwisho hazikujengwa, au mtaro umekomea uani kwa mtu, au mdomo wake umezibwa na mchanga na takataka. Mtaro usio na mdomo si mtaro. Ni hodhi ya kufugia mbu.

KALENDA YA MARADHI

Katika televisheni mafuriko huchukua siku mbili au tatu. Katika zahanati huchukua miezi miwili. Ningependa wanaopanga bajeti waitazame kalenda hii kwa makini.

Siku ya kwanza na ya pili huja majeraha. Watu hukanyaga misumari, vigae na mabati wasiyoyaona chini ya maji meusi, na kila jeraha la namna hiyo hubeba hatari ya pepopunda. Watoto hutumbukia katika mitaro isiyokuwa na vifuniko. Waya za umeme zilizolowa huua. Siku hizo hizo wako wagonjwa ambao hatuwaoni kabisa, nao ndio wanaonitia hofu zaidi: mwenye kisukari ambaye insulini yake imekwisha, mwenye kifua kikuu anayekosa vidonge vyake, mama aliyeshikwa na uchungu usiku na hakuna tuktuk wala bodaboda inayokubali kuingia mtaani.

Kuanzia siku ya pili hadi mwisho wa wiki ya kwanza huja kuhara. Ni sehemu ndogo tu ya Mombasa iliyounganishwa na mabomba ya majitaka. Nyumba nyingi hutegemea vyoo vya shimo na matangi ya chini ya ardhi, na nyingi pia hutegemea visima kwa sababu maji ya mfereji hayaji kila siku. Ardhi yetu ni mchanga na jiwe la matumbawe lenye matundu mengi, hivyo kinachotoka chooni hakichelewi kufika kisimani. Mafuriko yanapokuja hakuna tena mpaka baina ya viwili hivyo. Kipindupindu huweza kujitokeza saa chache tu baada ya mtu kunywa maji machafu, au kikachukua hadi siku tano, na kinaweza kumwua mtu mzima mwenye nguvu zake katika muda wa saa chache asipotibiwa. Mlipuko ulioanza nchini Oktoba 2022 na kusambaa katika kaunti nyingi ulitukumbusha kwamba ugonjwa huu haujatuaga.

Wiki ya pili na ya tatu huja homa za siri. Homa ya matumbo huchukua kati ya wiki moja na tatu kujitokeza. Uko pia ugonjwa uletwao na mkojo wa panya, ambao madaktari huuita leptospirosi. Vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi yenye mikwaruzo mtu anapotembea majini. Mgonjwa hupata homa kali, kichwa, macho mekundu na maumivu makubwa ya misuli ya miguu, na wengine hupata manjano na figo zao kuharibika. Jirani zetu wa Tanzania waliuona mkoani Lindi mwaka 2022 na kuuita homa ya mgunda. Hapa kwetu mgonjwa wa namna hiyo huweza kwa urahisi kupewa dawa za malaria na kurudishwa nyumbani.

Kuanzia wiki ya pili na kuendelea huja mbu. Yai la mbu huchukua siku saba hadi kumi, au zaidi kidogo, kuwa mbu kamili. Lakini mbu si wa aina moja. Yule wa malaria hupenda madimbwi, hata yale ya ndani ya mitaro isiyotiririka. Jijini Dar es Salaam, katika miaka ya 2000, kuzibua mitaro kulihesabiwa kuwa sehemu ya vita dhidi ya malaria mjini.

Yule anayetupigia kelele usiku huzaliana katika maji machafu ya mitaro iliyoziba na vyoo vya shimo, naye ndiye anayeeneza matende na mabusha. Pwani ndiko kwenye ugonjwa huo nchini, na serikali imekuwa ikigawa dawa zake kwa awamu tangu mwaka 2002. Tunawameza dawa watu na kuwaacha mbu wakizaliana mbele ya mlango!

Wa tatu ni yule mwenye madoadoa meupe, anayeuma mchana na kuleta homa ya dengue na chikungunya. Mombasa ilipata milipuko ya dengue mwaka 2013, 2017 na 2021, na ya chikungunya mwaka 2004 na kuanzia mwisho wa 2017. Huyu hupenda maji safi yaliyotulia katika mapipa, ndoo na tairi kuukuu. Sitamdanganya msomaji: mtaro pekee hautammaliza. Maadamu maji ya mfereji hayaji kila siku, watu wataendelea kuyaweka akiba, na mapipa yasipofunikwa atazaliana humo. Mtaro si dawa ya kila ugonjwa, kama vile hakuna kidonge kinachotibu kila ugonjwa. Lakini katika kalenda niliyoieleza hakuna dawa moja inayogusa maradhi mengi kama huo.

MFUKO NI MMOJA

Mara nyingi husikia kwamba mitaro ni kazi ya idara ya ujenzi na kuhara ni kazi ya idara ya afya. Katiba ya mwaka 2010 haisemi hivyo. Jedwali lake la Nne limezipa kaunti huduma za afya, uzoaji wa taka na usimamizi wa maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Vifungu vya 42 na 43 navyo vinampa kila mtu haki ya mazingira safi, ya afya na ya usafi unaofaa. Kwa hiyo mfuko unaonunua dripu za wodini ndio huo huo unaotakiwa kununua koleo za kuzibua mtaro. Kaunti isiponunua koleo hizo Machi hulipa dripu Mei, na mwaka ujao hulipa tena. Deni hilo haliishi.

Ni kweli kwamba barabara kuu ziko chini ya mashirika ya serikali ya kitaifa, na barabara huja na mitaro yake. Barabara ikiinuliwa na mtaro wake ukaelekezwa mtaani bila ya njia ya kufika baharini, nyumba za chini hugeuka kuwa bwawa la barabara hiyo. Maji hayajui mpaka baina ya kaunti na serikali kuu. Wanaojenga ndio wanaopaswa kuketi meza moja na ramani moja kabla ya tingatinga kuwashwa.

Hili si jambo geni katika historia ya utabibu. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hata wabunge wa Uingereza wakashindwa kuvumilia, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kuujengea mji wa London mifereji mikubwa ya majitaka. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866, kilishambulia zaidi upande wa mashariki wa mji, ambako kazi hiyo ilikuwa haijakamilika. Baada ya hapo London haikuona tena mlipuko mkubwa wa ugonjwa huo. Mfereji uliokaribia kumalizika haukuwafaa watu wa mashariki.

Wala tusiseme haya ni ya Wazungu. Zanzibar, watu wa mwambao kama sisi, wenye mvua kama yetu na bahari kama yetu, walijenga katika miaka ya 2010 mitaro mikuu ya maji ya mvua katika mitaa ya Ng'ambo kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Wahandisi wetu wangeweza kwenda kutazama yaliyofaulu na yaliyoshindikana huko, wakarudi kwa boti siku chache baadaye.

TUANZE NA MDOMO

Kwanza, kazi ianzie baharini na kupanda juu, si kinyume chake. Mdomo wa mtaro ujengwe kwa kuzingatia kimo cha bamvua na uwekwe mlango unaofunguka upande mmoja tu, ili maji ya mvua yatoke na ya bahari yasiingie. Pale ambapo ardhi ni ya chini sana pachimbwe bwawa la kuyahifadhi maji kwa saa chache, hadi bahari ipwe. Kujenga mitaro mipya juu kabla ya kufungua mdomo ni kuwapelekea walio chini maji mengi zaidi na kwa kasi zaidi.

Pili, usafishaji uwe na kalenda na fungu lake la pesa. Mitaro izibuliwe Machi kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, si wakati kamera zimefika. Tena matope yakitolewa yachukuliwe. Kuyarundika kando ya mtaro ni kazi bure, kwa kuwa mvua ya kwanza huyarudisha yalikotoka.

Tatu, mitaro ifunikwe kwa vifuniko vinavyoweza kuinuliwa. Mtaro wazi huua watoto na hugeuka jaa. Lakini mtaro uliofunikwa moja kwa moja hausafishiki.

Nne, maji ya choo yasiunganishwe na mtaro wa mvua. Mwenye nyumba anayetoboa ukuta usiku na kuelekeza bomba lake mtaroni anawanywesha jirani zake uchafu wake, na afisa wa afya ya umma ana mamlaka ya kumchukulia hatua.

Tano, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, mafanikio yasipimwe kwa kilomita. Tumezoea kuambiwa kwamba zimejengwa kilomita kadhaa, utepe ukakatwa na picha ikapigwa. Kila zahanati ina daftari la wagonjwa. Tuhesabu wagonjwa wa kuhara katika wiki tatu baada ya mvua kubwa, mtaa kwa mtaa, kabla ya mtaro kujengwa na baada yake. Mtaro ambao haukupunguza majina katika daftari hilo haujakamilika, hata kama mkandarasi amekwisha lipwa. Naye afisa wa afya wa eneo awe miongoni mwa wanaotia sahihi kabla ya kazi kupokewa.

LAWAMA KWA WAKAZI

Najua nitaambiwa kwamba wakazi wenyewe ndio wanaoziba mitaro. Ni kweli kwa sehemu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017, lakini chupa na nepi zingali zimejaa mitaroni, na hazikupelekwa huko na mvua pekee. Anayetupa nepi mtaroni anamtilia mtoto wa jirani uchafu huo mdomoni. Sina maneno laini ya kumpa.

Hata hivyo, tuulize pia ni mitaa mingapi ambako gari la taka hupita kila wiki bila kukosa. Mtu asiye na pa kutupa atatupa karibu. Huwezi kumfungia mtu choo kisha ukamkamata kwa kujisaidia kichakani.

Wako pia waliojenga katika njia ya maji. Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo, na mkondo hausahau hata ukijengewa nyumba. Lakini kabla ya kuwalaumu maskini wa vibanda tumwulize aliyewauzia kiwanja na afisa aliyekodoa macho tu. Tumwulize pia tajiri aliyemwaga kifusi katika dimbwi lililokuwa likipokea maji ya mtaa mzima, akazungushia ukuta. Nyumba zikibidi kuondolewa, wenyewe wapewe notisi, pa kwenda na msaada. Ukiwavunjia usiku watahamia katika mkondo mwingine, nami nitawatibu huko.

KABLA MTARO HAUJAFIKA

Wakati tunasubiri, haya yafuatayo yataokoa maisha. Maji ya kisima yachemshwe hadi yatokote vizuri au yatiwe dawa ya klorini kama maelezo yake yanavyosema. Mapipa yote yafunikwe, na tairi na makopo yaondolewe uani. Usitembee katika maji ya mafuriko miguu mitupu. Ukijikata, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha ufike zahanati kwa sindano ya pepopunda.

Mtoto akihara, usimnyime maji wala ziwa la mama. Mpe chumvi za pakiti. Kama hazipo, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, umnyweshe kidogo kidogo. Kuhara kama maji ya mchele, kutapika mfululizo, macho kuzama au kutokojoa si mambo ya kusubiri asubuhi. Ukiwa na homa na maumivu makali ya viungo baada ya mvua, usimeze aspirini wala dawa nyingine kali za maumivu. Tumia parasetamoli, kwa sababu ikiwa ni dengue zile nyingine zinaweza kuzidisha kutokwa na damu. Umweleze daktari kwamba ulitembea katika maji ya mafuriko. Neno hilo moja linaweza kubadilisha tiba yako.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilitufundisha. Za Mei 2017 zikaturudishia somo. Novemba 2023 Mombasa, Kwale, Kilifi na Tana River zikafurika tena. Kila mara tulisema tumejifunza.

Kwa mujibu wa sheria, makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Aprili, na mwananchi ana haki ya kutoa maoni yake kabla hayajapitishwa. Mwaka huu nenda katika mkutano huo, ukamwulize mwakilishi wa wadi yako maswali matatu. Mtaro wetu unamwaga wapi? Nani ataouzibua, na katika mwezi gani? Na fungu hilo liko ukurasa gani wa bajeti? Asipokuwa na jibu la swali la tatu, yale mawili ya kwanza hayana maana, nawe uanze kuinua kitanda chako juu ya matofali.